Kipande cha Chuma na Majirani Zake

Mashine ni jamii ya vipande. Hakuna kipande ndani yake kinachobeba mzigo peke yake. Kila kimoja hupokea kani kutoka kwa jirani na kuikabidhi kwa jirani mwingine, mpaka kani hiyo ifike ardhini. Jambo hili ni la msingi katika somo la fizikia, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amelisikia kwa namna moja au nyingine. Hata hivyo, aghalabu husahauliwa pale mtu anaposhika mkononi kipande kilichovunjika na kusema: "Hiki kilikuwa dhaifu, tuweke cha chuma."

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kuweka kipande kigumu zaidi si lazima kuwe ni kuimarisha mashine. Mara nyingi ni kuuhamisha udhaifu, kuutoa mahali unapojulikana na kuupeleka mahali usipojulikana. Udhaifu unaojulikana hutengenezwa, usiojulikana huua. Kwa sababu hiyo, ubadilishaji wa vipande, ambao watu wengi huuona kuwa ni kazi ya fundi wa kando ya barabara tu, ni suala la sayansi. Shule za sekondari hazina budi kulifundisha waziwazi.

Mfano ulio karibu unapatikana katika Mkoa wa Pwani, Kisarawe na Kibaha.

Baiskeli ya mkaa

Kwa miaka mingi sehemu ya mkaa uliopikwa Kisarawe na vijiji vya jirani ilifika Dar es Salaam kwa baiskeli, ikipitia vilima vya Pugu. Magunia mawili, na pengine matatu, yalifungwa nyuma ya mwendeshaji kwa kamba za mpira. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini tabia ya mzigo ni ile ile, na ufundi unaoandamana nayo ni ule ule.

Baiskeli ya aina hiyo ilibuniwa imchukue mtu mmoja na furushi lake. Ikipakiwa mkaa, kipande cha kwanza kulalamika ni keria. Mwenye baiskeli humwendea fundi wa kuchomelea, naye huondoa keria ya kiwandani, iliyo nyembamba, na kuweka ya nondo. Baada ya majuma machache hukatika spoku za gurudumu la nyuma. Zinawekwa nene zaidi. Kisha uma wa mbele huanza kupinda, na fundi huuegemeza kwa vyuma viwili kutoka kwenye ekseli hadi karibu na usukani. Kwa pikipiki mambo huenda vivyo hivyo: keria pana ya nondo kwanza, halafu springi za nyuma zilizo ngumu zaidi.

Hapana sababu ya kumdharau fundi huyu. Kila mara ameangalia kilichovunjika, akatafuta sababu, akatoa jibu kwa vifaa alivyonavyo. Kama angekuwa katika maabara tungesema anafanya utafiti. Kasoro ya utafiti wake ni moja: anaongozwa na kile kilichovunjika, wala haongozwi na hesabu ya kile kitakachofuata kuvunjika. Naye mteja hurudi kwake akiwa na furaha, kwa kuwa keria sasa inabeba. Keria ikibeba zaidi, gunia jingine huongezwa.

Mfano mdogo: bastola ya kuchezea

Ili kuiona kanuni hii bila vumbi la barabarani, na tuchukue mashine ndogo kabisa. Katika nchi ya Japani, ambako sheria imewazuia raia kumiliki bastola, miaka ya 1970 na 1980 zilienea bunduki za kuchezea zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6 kwa nguvu ya hewa au gesi. Mchezo huo umesambaa sasa katika nchi nyingi. Bastola hizo nyingi zina kifuniko cha juu kinachoteleza. Kila kigololi kinaporushwa, sehemu ya gesi hukisukuma kifuniko nyuma, kikagonga kizuizi, kisha springi hukirudisha mbele.

Kifuniko cha kiwandani aghalabu ni cha plastiki. Wapenzi wa mchezo huo hununua seti ya chuma na kukiweka cha chuma mahali pake, wakitaka bastola iwe imara, iwe nzito mkononi na ifanane na ile ya kweli. Hapo ndipo fizikia inapoanza kudai deni lake.

Tuseme kifuniko cha plastiki kina gramu 80, na gesi hukipa mwendo wa mita 6 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, yaani juli 1.44. Kikiwekwa cha chuma chenye gramu 180, na gesi ikitoa nishati ile ile, mwendo wake utakuwa mita 4 kwa sekunde tu. Bastola imekuwa nzito, tena imekuwa ya uvivu, na pengine kifuniko hakifiki mwisho wa safari yake. Mwenye nayo hujaribu kuurudisha ule mwendo wa mita 6. Anatafuta gesi yenye kanieneo kubwa zaidi, pamoja na springi ngumu zaidi. Akifanikiwa, kifuniko kitakuwa na nishati ya juli 3.24, yaani mara mbili na robo ya ile ya kwanza. Nishati hiyo yote inafika kwenye kizuizi kile kile kidogo, kilichoshikiliwa na kitako kile kile cha plastiki, na mtengenezaji alikihesabia juli 1.44.

Matokeo yake yanatabirika. Kitako hupasuka kwenye kizuizi, au pini ndogo hupinda, au vipande vya ndani vinavyopitisha gesi huvunjika. Kifuniko kipya hakikuvunjika, kilimvunja jirani. Na mwenye bastola, akiona kitako kimepasuka, husema tena: "Hiki nacho kilikuwa dhaifu, tuweke cha chuma." Safari hiyo haina mwisho mpaka mashine yote ibadilishwe. Wakati huo angeweza kuwa amenunua nyingine iliyobuniwa kwa chuma tangu mwanzo.

Kuna jirani mwingine ambaye hayumo ndani ya mashine. Bastola ya plastiki iliyovaa chuma hudanganya macho ya askari, ya mwenye duka na ya mpita njia. Ndiyo maana Marekani tangu mwaka 1989 imetaka bastola za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa kwenye ncha ya mtutu, na Uingereza ikaweka sheria mwaka 2006 ya kuzuia uuzaji wa bunduki za bandia zinazofanana mno na za kweli. Nchi hizo zilitambua kwamba kipande kinapobadilishwa hubadilika pia uhusiano wa mashine na watu wanaokutana nayo. Kijana anayecheza anaweza kulipia mfano huo kwa maisha yake. Neno hili na likumbukwe tunaporudi barabarani, kwani huko pia kuna wapita njia.

Hesabu ya mteremko

Kwa baiskeli ya mkaa, swali kubwa halihusu keria wala uma. Linahusu kipande ambacho hakuna anayekibadilisha: breki.

Tuchukue baiskeli ya kilo 20 na mwendeshaji wa kilo 60, jumla kilo 80, ikienda mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Nishati yake ni juli 1,000. Tuseme breki zake, mkono ukibana kwa nguvu, hutoa kani ya nyutoni 200. Katika tambarare itasimama baada ya mita 5. Sasa iongezwe mkaa wa kilo 150. Tungamo ni kilo 230, na kwa mwendo ule ule nishati ni juli 2,875. Breki hazikuongezeka nguvu, kwa kuwa kani yake hutoka katika vidole vya mwendeshaji na katika msuguano wa mpira wa breki na rimu. Haitoki katika mzigo. Baiskeli hiyo itasimama baada ya mita 14 na zaidi kidogo.

Hilo ni katika tambarare, na vilima vya Pugu si tambarare. Katika mteremko unaoshuka mita 5 kwa kila mita 100, uzito wenyewe huvuta kuelekea chini. Baiskeli tupu yenye mwendeshaji wake huvutwa kwa nyutoni 39. Breki zinabakiwa na nyutoni 161 za kusimamishia, na umbali wa kusimama ni mita 6 hivi. Baiskeli yenye mkaa huvutwa kwa nyutoni 113. Breki zinabakiwa na nyutoni 87 tu, na umbali wa kusimama ni mita 33. Kutoka mita 6 hadi mita 33! Mtoto anayevuka barabara mita 20 mbele ya baiskeli ya kwanza yu salama. Mbele ya baiskeli ya pili hana usalama wowote.

Hesabu na isogezwe hatua moja mbele. Katika mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100, baiskeli yenye mkaa huvutwa kwa nyutoni 225. Kani hiyo ni kubwa kuliko breki zote. Hapo haiulizwi tena itasimama baada ya mita ngapi, maana haitasimama. Itazidi kuongeza mwendo hata mwendeshaji akibana breki mpaka vidole vimkauke. Ni kweli kwamba hesabu hii imeacha msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa, ambavyo vingesaidia kidogo. Imeacha pia mvua, ambayo ingepunguza nguvu ya breki hizo za mpira. Sura ya jibu haibadiliki.

Ajali ya namna hiyo ikitokea, husemwa kuwa breki zilifeli. Usemi huo hauitendei haki breki. Breki zilifanya kazi yote ziliyobuniwa kuifanya. Ni mzigo uliovuka mpaka wake. Na mzigo uliweza kuvuka kwa sababu keria ya nondo iliuruhusu. Keria nyembamba ya kiwandani, kwa kupinda mapema, ilikuwa inatoa onyo. Ilipoondolewa, onyo liliondoka nayo. Fundi aliimarisha kinachobeba, hakuimarisha kinachosimamisha.

Waendeshaji wenyewe wanaijua hesabu hii kwa miguu yao. Wengi hushuka penye mteremko mkali na kuizuia baiskeli kwa kiwiliwili, au hukandamiza soli ya kiatu juu ya tairi. Hiyo ni maarifa ya kweli, yamelipiwa kwa majeraha. Lakini maarifa yaliyoko miguuni hayawezi kuandikwa ubaoni wala kumwonya anayeanza kazi leo. Kazi ya shule ni kuyatoa miguuni na kuyaweka katika tarakimu.

Chuma si jina lingine la nguvu

Kuna dhana nyingine inayohitaji kusahihishwa, kwamba chuma kikiongezwa nguvu huongezeka moja kwa moja. Nondo inapochomelewa kwenye bomba jembamba la baiskeli, joto hubadilisha hali ya chuma kilicho kando ya mshono, na mara nyingi mahali hapo huwa dhaifu kuliko palivyokuwa. Zaidi ya hayo, pale nondo ngumu inapoishia na bomba linalonyumbulika linapoanzia, mkazo hujikusanya. Kila shimo barabarani huukunja mshono kidogo. Hakuna kukunjwa kumoja kunakoweza kuuvunja. Maelfu ya kukunjwa huuvunja. Wataalamu huita hali hii uchovu wa metali.

Ulimwengu ulijifunza jambo hilo kwa gharama. Mwaka 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa. Ekseli ile ilikuwa ya chuma, nene, na ilikuwa imebeba mzigo wake siku zote bila tatizo. Baadaye katika karne hiyo hiyo Mjerumani August Wöhler alionyesha kwa majaribio marefu kwamba chuma huweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule unaokivunja mara moja, ikiwa mzigo huo utarudiwa mara nyingi vya kutosha.

Kwa upande mwingine, mjini Goma, mashariki ya Kongo, watu hubeba viazi, mkaa na mbao kwa chukudu, chombo cha magurudumu mawili kilichoundwa kwa mti. Chukudu si chuma, lakini mwili wake mpana, magurudumu yake na ubao wake vyote viliundwa kwa mzigo tangu siku ya kwanza. Hapa kuna somo kwa mwanafunzi: mti uliopangwa vizuri hushinda chuma kilichobandikwa. Nguvu ya mashine imo katika ulinganifu wa vipande vyake.

Wajibu wa shule

Kibaha ina bahati ya kuwa na mifano yote miwili. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Skandinavia na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, lilikusudiwa tangu awali kuunganisha darasa, afya na kazi za mikono. Katika wilaya hiyo hiyo kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, ambako Watanzania walithubutu kubuni na kuunda gari zima badala ya kubandika vipande juu ya gari la mwingine. Lolote linaloweza kusemwa juu ya idadi ya magari yaliyotoka huko, swali lililoulizwa lilikuwa sahihi: ekseli hii, fremu hii na breki hizi zinalingana? Kisarawe nayo ina Minaki, shule ya siku nyingi iliyolea wasomi wengi, nayo haiko mbali na barabara ya mkaa. Ni vigumu kufikiri mahali panapofaa zaidi kufundishia somo hili.

Jaribio lenyewe halihitaji fedha nyingi. Ichukuliwe baiskeli ya kawaida uwanjani, mahali tambarare. Mkono wa breki ya nyuma ufungwe kwa ukanda wa mpira wa tyubu, ili ubane kwa nguvu ile ile wakati wote. Baiskeli ivutwe mbele polepole kwa mizani ya springi, ya namna inayotumiwa sokoni, na wanafunzi waandike kipimo pale gurudumu linapoanza kuzunguka. Kisha yafungwe magunia mawili ya mchanga kwenye keria, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi wataona kwamba kipimo kimebadilika kidogo tu. Breki haijui kwamba mzigo umeongezeka. Baada ya hapo hesabu ya mteremko itakuwa na maana kwao, na fomula ya nishati haitakuwa tena msururu wa herufi wa kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wako watakaosema kwamba muhtasari wa masomo umejaa na muda ni mfupi. Jibu ni kwamba kani, nishati, msuguano na mteremko vimo tayari katika muhtasari. Kinachopendekezwa ni kubadili mfano. Kitabu kinachozungumzia tofali linaloteleza juu ya ubao hakikosei, lakini tofali hilo halimgongi mtu. Wengine watasema kwamba mwendeshaji ni maskini, hawezi kununua breki bora hata akijua hesabu. Pingamizo hili ni zito zaidi, wala halifai kupuuzwa. Lakini aliyelipia keria ya nondo, spoku nene na vyuma vya uma amekwisha kutumia fedha. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba shilingi ya kwanza ilipaswa kwenda kwenye breki. Kukosa fedha ni sababu ya kupanga vizuri mpango wa kuzitumia.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Hiyo ni nafasi njema, lakini pia ina hatari yake. Ikiwa mwanafunzi wa amali atafundishwa kuchomelea mshono safi bila kuulizwa kani inapita wapi, na mwanafunzi wa mkondo wa jumla atafundishwa kani bila kushika mshono, basi tutakuwa tumewatenga tena watu wawili ambao baiskeli moja inawahitaji pamoja. Yafaa shule iwaalike mafundi wa kuchomelea, wakae na wanafunzi, waulizane. Fundi ataleta orodha ya vilivyovunjika. Mwanafunzi ataleta hesabu ya vitakavyovunjika.

Na kwa yeyote anayetaka kuondoa kipande cha mashine na kuweka kingine kigumu zaidi, awe na bastola ya kuchezea, baiskeli au pikipiki, maswali matatu yanatosha kuanzia. Kani iliyokuwa ikikivunja kipande hiki sasa itakwenda kwa nani? Huyo atakayeipokea aliundwa kuibeba? Na mashine hii, ikisha kuwa na nguvu mpya, itasimamishwa na nini? Kijana wa Kisarawe au Kibaha atakayeyauliza kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa atakuwa amefanya kazi ya mhandisi, hata kama bado hajapata cheti, na huenda mtu asiyemjua akavuka barabara salama jioni ile kwa sababu yake.